Nilichokililia

Mwaka huu baridi imeingia na gunia la vitunguu halikuja. Miaka yote, upepo wa mwezi wa sita ukianza kugongagonga milango hapa Dodoma, nilikuwa napigiwa simu na kondakta wa basi: "Mama, njoo stendi uchukue mzigo wako kutoka Ihanja." Naenda, nakuta gunia limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, na jina langu limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyeishia darasa la nne. Nikilifungua jikoni, harufu ya udongo na majani makavu ya vitunguu inajaa nyumba nzima, na wanangu wanaanza kulalamika kwamba macho yanawawasha. Mimi nilikuwa naishukuru harufu ile, maana ilinipa ruhusa ya kufuta machozi bila kuulizwa maswali.

Aliyekuwa ananitumia ni mdogo wangu, Mwanaidi. Hayupo tena. Juzi nimenunua vitunguu sokoni, kilo mbili tu, na nilipokuwa navikata nikaikumbuka siku tuliyopelekwa kuona bustani. Nyinyi wa rika langu bila shaka mna siku yenu ya namna hiyo, siku ambayo wakubwa walijua safari inaishia wapi, na nyinyi mnachojua ni kwamba mmevalishwa nguo nzuri.

Tulikuwa tunakaa Mandewa, Singida mjini, chumba kimoja cha kupanga, mama, mimi na Mwanaidi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Yeye alikuwa hajaanza shule, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, ukimtania anaziba mdomo kwa kiganja. Baba alikuwa amekwenda machimboni, akaaga kwamba atarudi baada ya mavuno, ila hakusema mavuno ya mwaka gani. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, mtama wa bibi ukakaukia shambani, na uji wa mama ukawa mwepesi hadi unaliona ua lililochorwa chini ya bakuli.

Ndipo mama akatuambia kwamba Jumamosi tutakwenda Ihanja kwa dada yake, mama mkubwa, tukaone bustani.

Kwangu mimi duniani kulikuwa na bustani moja tu. Ilikuwa mjini, mbele ya ofisi kubwa, ina maua mekundu, ina mawe yaliyopakwa chokaa, ina kibao kilichoandikwa USIKANYAGE MAJANI. Tulikuwa tunaipita kwa mbali. Basi nikamkalisha Mwanaidi kitandani nikamfundisha adabu za bustanini kama mtu aliyezaliwa humo: kwamba utakaa kwenye benchi, hutagusa ua, na ukikanyaga majani unafungwa. Akashuka kitandani, akaanza kujizoeza kutembea kwa ncha za vidole kuanzia mlangoni hadi kwenye ndoo za maji, amebana pumzi. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu.

Ijumaa jioni mama alikunja nguo za Mwanaidi akazitia kwenye mfuko wa rambo. Alitia zote: magauni mawili, sketi, kaptura ya kulalia, na kile kitambaa alichokuwa anapenda kukishika akisinzia. Nilielewa mara moja. Bomba la mtaa wetu wiki nzima lilikuwa linatoa hewa tu, na kwa mama mkubwa tuliambiwa kuna maji tele. Tulikuwa tunakwenda kufua.

"Mama, mbona za kwangu hujaweka?" niliuliza.

Mama hakunitazama. "Za kwako si chafu," akasema.

Nikajiona mtu msafi kweli. Hata nilimwambia Mwanaidi, "Umeona? Mimi sichafui nguo." Akazitazama nguo zake mle mfukoni, akainamisha kichwa.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kwanza, na kuku wetu wa mwisho, tetea mwekundu, amefungwa miguu mapajani mwa mama. Mnaoijua baridi ya Singida mwezi wa saba mnaijua. Jua linatoka lakini halifanyi kazi, upepo unakuja kutoka huko kwenye mawe na kukuingia kwenye mikono ya sweta. Mwanaidi alikuwa amevaa sweta langu la kijani lililonibana, mikono inamfika kwenye vidole. Tulishuka Ihanja, tukaiacha barabara, tukateremka kwa miguu kuelekea bondeni. Njia nzima kila kitu kilikuwa kikavu, mabua ya alizeti yamesimama bila vichwa, ng'ombe wanatafuna hayo hayo mabua, vumbi linakuja na kuondoka. Halafu tukapinda kwenye jiwe kubwa, na chini yetu kukawa na kijani.

Sikujua kama nchi yetu ilikuwa na kijani cha namna hiyo wakati wa baridi. Matuta yalikuwa yamepangwa bonde zima, yamezungushiwa matawi ya miiba kuzuia mbuzi, na katikati yake visima vifupi vilivyochimbwa kwa jembe, maji yake yanafuka mvuke. Vitunguu, mchicha, figiri, karoti. Benchi hakuna, ua jekundu hakuna hata moja. Nilipotambua kwamba bustani yenyewe ni mboga, nilivunjika moyo kidogo, na nilimwonea haya Mwanaidi kwa yale mafunzo yangu.

Mama mkubwa alikuja kutupokea akiwa amevaa mabuti ya mpira na kanga mbili, moja kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imepasuka kwa maji baridi, na nyumbani kwake hakukuwa na mtoto. Watoto aliwahi kuzaa, hawakukaa. Tulimwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni, baridi haijawaua?" Mimi na mama tukaingia. Mwanaidi akabaki nje ya uzio wa miiba, amesimama kwa ncha za vidole.

"Wewe mbona huingii?" mama mkubwa akamwuliza.

"Naogopa kukanyaga majani."

Mama mkubwa alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, akaenda akambeba juujuu na kumweka katikati ya figiri. "Kanyaga, mwanangu. Haya yote ni yako."

Nililisikia neno hilo, na likanichoma. Haya yote ni yake kwa nini? Mimi ndiye mkubwa.

Hata hivyo siku ilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli. Mama mkubwa aling'oa karoti mbili, akazisuuza kisimani, akatupa moja moja. Sikuwa nimewahi kula karoti mbichi iliyotoka ardhini saa hiyo hiyo. Ilikuwa baridi hadi kwenye meno, na tamu kupita vitu vyote nilivyokula mwaka ule wa uji mwepesi. Nikapewa kopo lililotobolewa matundu chini nikamwagilie miche ya vitunguu, na nikafanya kazi kwa bidii kweli, maana nilitaka kuonekana. Vidole vilikufa ganzi nikawa siwezi kuvikunja. Mwanaidi yeye alikuwa amechuchumaa kwenye tuta, anamfukuzafukuza chura kwa kijiti, karoti yake anailamba badala ya kuila ili isiishe.

Mama na mama mkubwa walikaa kwenye jiwe, wanaongea Kinyaturu. Mimi mtoto wa mjini, Kinyaturu changu kilikuwa cha salamu na kukemewa, nikawa naokota maneno mawili tu yaliyokuja na Kiswahili chake: shule, na mvua. Shule, mvua, tena shule. Kila wakitaja shule walinitazama mimi, na wakitaja mvua walimtazama Mwanaidi. Mama alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la kanga yake, anauvuta, hauishi. Nilidhani wanapima nani kati yetu anafaa kwa kazi, nikaongeza mwendo na kopo langu.

Jua lilipogeuka mama akatuita. Akachuchumaa mbele ya Mwanaidi, akamfunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Mwanaidi, wewe utabaki hapa kidogo na mama mkubwa, umsaidie kuangalia bustani. Mvua ikinyesha nakuja kukuchukua. Sawa mwanangu?"

Mwanaidi alinigeukia mimi. Ndivyo alivyokuwa, jambo lolote jipya likimfikia alikuwa anatazama kwanza uso wangu ajue kama ni la kucheka au la kulia.

Na mimi nikalipuka. "Mimi! Nibaki mimi! Mwacheni Mwanaidi aende nyumbani, nibaki mimi!" Nilijitupa chini kwenye matuta, nikashika mguu wa mama mkubwa kwenye buti, nikagaagaa hadi nikavunja miche niliyokuwa nimeimwagilia mwenyewe. Karoti zote zile, maji yote yale, haya yote ni yako, halafu apewe yeye aliyeshinda anacheza na chura? Nililia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Mama mkubwa aliziba mdomo kwa kanga. Mama aliniinua, na uso wake ulikuwa umelowa. "Mungu wangu," alimwambia dada yake, "umeona moyo wa huyu mtoto? Anataka abaki yeye ili mdogo wake asibaki."

"Huyu utamshukuru uzeeni," mama mkubwa akasema.

Sikuelewa wanasema nini, na sikujali. Nilichokuja kukielewa baadaye sana, nikiwa na watoto wangu, ni kile kilichompata Mwanaidi dakika ile. Alikuwa ameutazama uso wangu. Akaona naling'ang'ania lile jambo kwa kucha na meno, akajua basi ni jambo zuri. Kwa hiyo hakulia. Alisimama pale na mikono ya sweta imemfunika vidole, ametulia, na wakubwa wakashukuru kwamba ametulia. Nafasi yake ya kulia ilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimeshaichukua.

Akanijia, akanipa karoti yake iliyobaki, nusu, imelambwa pande zote. Nikaipokea. Sikumuaga.

Tulirudi kwa lori la alizeti, mimi na mama tumekaa juu ya magunia, upepo unatupiga usoni na makapi yanaingia kwenye nywele. Nililia njia nzima huku natafuna ile karoti. Mama alinifunika kwa kanga yake akawa ananibembeleza, "Nyamaza, atarudi, mvua haiko mbali." Utingo aliyekuwa amening'inia kwenye bodi akauliza huyu mtoto ana nini.

"Anamlilia mdogo wake," mama akasema.

Ndilo neno. Kiswahili chetu hiki, kulilia ni kumwomboleza mtu uliyempoteza, na kulilia ni kutaka kitu hadi machozi. Mama alichukua maana ya kwanza. Mimi nilikuwa kwenye ya pili, na nilipoona ile ya kwanza inaniletea kanga na kubembelezwa, nikanyamaza nikaiacha iwe hivyo. Kesho yake majirani wote walijua. Mama mwenye nyumba alinipa andazi zima peke yangu, akanipapasa kichwa, akasema nina roho ya Mungu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi niliulilia, nikanyimwa, akapewa mwenzangu, na andazi nikala mimi.

Jumatatu maji yalitoka, mama akafua. Nilitoka shule nikakuta kamba ya uani ina nguo zangu tu na za mama, zimeachana kwa nafasi kubwa. Nikamwuliza, "Za Mwanaidi kule hazijakauka?" Mama aliweka beseni chini akaingia ndani. Nilibaki nimesimama mbele ya ile kamba, nikaipima ile nafasi tupu kwa macho. Hatukuwa tumekwenda kufua.

Mvua ilinyesha. Mama hakwenda. Alikuwa amepata kazi ya kufulia watu, na kila mwezi ulikuwa mwezi ujao. Simlaumu, wala sitaki mumlaumu, kupeleka mtoto kwa mama mkubwa si kumtupa, ni jambo la kawaida kwetu, na kule alikuwa anakula. Tulikwenda kumwona baridi iliyofuata. Alikuwa amerefuka, meno yameota, mikono imepasuka kama ya mama mkubwa. Aliweka ndoo chini, akapiga goti kidogo mbele ya mama.

"Shikamoo mama mdogo."

Shikamoo haiachwi hewani. Mama alifungua mdomo, ukakataa, akafungua tena. "Marahaba," akasema. Siku ile ombi la kumrudisha nyumbani, ambalo najua alikuwa amekuja nalo, hakulitoa.

Mwanaidi alianza shule kwa kuchelewa, akaishia darasa la nne, miguu ya mama mkubwa ilipokataa kutembea na bustani ikahitaji mtu. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu, nikahamia Dodoma. Wivu ulikuwa umekufa zamani, ikabaki aibu, na aibu haina mtu wa kuipelekea. Kila tulipokutana kwenye arusi au msiba, lazima shangazi mmoja aseme, "Hawa wawili! Huyu mkubwa alimlilia mwenzake hadi magunia ya alizeti yakalowa." Watu wanacheka, Mwanaidi anaziba mdomo kwa kiganja ingawa meno anayo, na mimi nacheka nao.

Baridi iliyopita aliniambia kwenye simu kwamba kifua kinambana. Kifua kilikuwa kinambana tangu utotoni, kila asubuhi ndani ya maji ya visima, ila safari hii sauti yake ilikuwa inatoka mbali. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nilimkuta anaota jua ukutani, amejifunga blanketi, gunia langu limeshonwa tayari liko mlangoni. Alikuwa amekonda hadi sikumtambua kwa nyuma.

"Karibu dada. Shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Ulilishona mwenyewe katika hali hii?"

"Ningempa nani alishone? Baridi imeingia."

Tulikaa. Niliazimia kumwambia siku hiyo. Nilikuwa nimelipanga ndani ya basi, neno kwa neno, tangu Manyoni. Akanitangulia yeye.

"Dada, unajua nilikuwa nalia sana hapa? Si siku ile. Siku zilizofuata. Alfajiri mama mkubwa ananiamsha tukachote maji, yale maji unaingiza mkono unahisi kama umekatwa. Nalia, nasema mama hanitaki. Ananiambia, nyamaza, mwenzako alitaka abaki yeye badala yako, akakulilia hadi Singida. Basi nanyamaza, nachota." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Kila siku hivyo. Nilikuwa nasema, yupo mtu mmoja."

"Mwanaidi," nikasema. "Siku ile mimi nililia kwa sababu…"

Alinigeukia. Alinitazama usoni kwa namna ile ile, akisubiri kuona kama ni jambo la kucheka au la kulia. Nilimwona mtoto wa sweta la kijani, na nikawa mwoga, au nikawa na huruma, hadi leo sijui ni ipi kati ya hizo.

"Kwa sababu nilijua nitakukumbuka," nikasema.

Akatabasamu, akafumba macho juani. "Najua," akasema.

Alikufa kabla vitunguu vilivyobaki shambani havijang'olewa. Siku ya mazishi upepo ulikuwa unavuma bondeni, na bustani haikuwa imemwagiliwa siku nne, figiri zote zimelala. Wanawake tulikaa uani kwenye mikeka. Wanaume walipolitoa jeneza ndani, wakalinyanyua wakaanza kupanda nalo kuelekea makaburini, nilinyanyuka. Sikujua kama nitanyanyuka. Nilianguka mwenyewe kwenye vumbi, nikasikia sauti ikinitoka ambayo sikuwahi kuisikia, nikawa naita jina lake, nasema anisubiri, nasema niende mimi.

Vijana wawili wa kike walikuja kuninyamazisha. Mama mkubwa, mzee sasa, ameketi kwenye kiti na fimbo yake, aliwazuia kwa mkono.

"Mwacheni alie," akawaambia. "Huyu ameanza kumlilia mdogo wake tangu utoto."

Wanawake wakaitikia, wakatikisa vichwa, ni kweli, ni kweli kabisa. Nilikuwa na vumbi mdomoni, sikuweza kuwajibu. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza.